Kishikio Upande wa Nje

Asubuhi ya Jumatatu mjibu maswali alifungua jokofu la ofisi, akaisogeza juisi ya msimamizi, na nyuma yake akatenga nafasi ya chupa mbili ndogo. Hapo alibandika kipande cha karatasi: MAZIWA YA MTOTO, TAFADHALI. Wiki iliyotangulia fundi sauti alikuwa ameyatia kwenye chai yake, akayasifu. Kisha mjibu maswali akaketi, akavua viatu chini ya meza, akawasha kompyuta.

Ofisi ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la mapazia. Kampuni ilikuwa imetengeneza mchezo mmoja tu wa kompyuta, na huo mmoja ndio uliokuwa ukiwalisha wote. Uliitwa Ukuta. Ulikuwa mchezo wa mikakati, wa mambo ya kale: mchezaji alikuwa mfalme wa mji wenye ukuta mrefu, enzi za mikuki na maghala. Alilima, alijenga, aliwaoza binti zake kwa wafalme jirani, na kila alipoanza kustarehe maadui waliuzingira mji. Mashamba yakabaki nje, watu wakabaki ndani, nafaka ikaanza kushuka ghalani. Ikishuka mno, kitufe kilijitokeza pembeni mwa skrini, kimeandikwa Punguza Vinywa. Mchezaji akikibonyeza, lango lilifunguka, watu wasioshika mikuki walitoka, lango likafungwa, na mlio mzuri ukasikika, kama kengele ya baiskeli, kumjulisha kwamba nafaka sasa ingetosha. Hayo hayakuwa ya kutunga. Mji huo uliwahi kuwepo, na kila kitufe cha mchezo kilitokana na jambo lililowahi kufanyika humo.

Kazi ya mjibu maswali ilikuwa kuwajibu wachezaji waliotaka kujua toleo lijalo litakuwa na nini. Waliuliza kama kutakuwa na farasi weupe. Waliuliza kama ndevu za mfalme zitaota zenyewe au ni lazima zinunuliwe, na kama mvua itaacha kunyesha ndani ya jumba la kifalme, kasoro ambayo baadhi yao walishaizoea na hawakutaka iondolewe. Mmoja aliuliza kila siku kama mama mkwe wa mfalme anaweza kupelekwa vitani.

Majibu yalikuwa matatu, na msimamizi alikuwa ameyabandika ukutani mbele ya kiti cha mjibu maswali: Ipo njiani. Tunaipima. Haimo. Aliyekalia kiti hicho kabla yake alijaribu jibu la nne, na ndiyo maana kiti kilikuwa wazi alipoomba kazi.

Asubuhi hiyo, katikati ya maswali ya farasi, akakuta hili: *Je, toleo lijalo lango litakuwa na kishikio upande wa nje? Tuko wengi na mtoto anasikia baridi.*

Halikuwa na jina la mchezaji. Mjibu maswali aliandika: Tunaipima. Asante kwa kucheza.

Jibu lilirudi kabla hajanywa chai. *Hatuchezi,* liliandikwa. *Tunakuja.*

Walifika kabla ya mapumziko ya mchana. Mlinzi alipiga simu kutoka mlangoni.

"Dada, una wageni huku. Wanasema wametoka kwenye mchezo. Niwape beji za wageni au za mafundi?"

"Za wageni, kaka."

"Ni wengi lakini. Beji hazitoshi."

"Wape wachache wapande. Wengine wakae kwenye ngazi."

"Kwenye ngazi washakaa," mlinzi alisema. "Wa duka la mapazia ameshalalamika, anasema wananuka moshi. Nimemwambia avumilie, hata mapazia yake yana harufu."

Walioingia ofisini walikuwa wanawake, wazee na vilema, na wote walikuwa na vumbi hadi kwenye kope. Wanawake walikuwa na uso mmoja. Mchoraji wa kampuni alikuwa amechora mwanamke mmoja wa mjini kwa uangalifu mkubwa, halafu akamnakili. Mjibu maswali aliwatofautisha kwa sauti. Mmoja tu alitambulika kwa macho, kwa sababu alikuwa na mtoto mgongoni.

"Wewe ndiye unayejibu?" aliuliza mwenye mtoto.

"Ndiyo mimi, dada. Karibu, keti."

"Ulisema mnapima. Mnapima nini?"

Mjibu maswali aliyatazama majibu yake ukutani. Hakuna lililofaa. Akawapeleka kwa msimamizi.

Msimamizi alikuwa mtu mchangamfu, mwenye fulana yenye picha ya ukuta, na hakuwa na makuu. Aliwapa mikono wote, akaagiza maji na biskuti, akasema kampuni inathamini sana maoni, hasa ya watu walio ndani ya bidhaa yenyewe. Wageni walikula biskuti zote na karatasi zake. Mwenye mtoto ndiye aliyesema. Alieleza kwamba hawakuwa wamezaliwa na mchezo. Walikuwepo kabla yake, mji ulipozingirwa kweli, wakatolewa kweli, na lango likafungwa nyuma yao. Maadui waliokuwa mbele hawakuwaruhusu kupita, na wa ndani hawakuwafungulia kurudi. Wakabaki kati ya ukuta na mikuki.

"Huu uso si wangu, mmenivika," alisema. "Njaa ndiyo yangu. Zamani tulitolewa mara moja, yakaisha. Tangu mtengeneze mchezo wenu tunatolewa kila siku, na kila nyumba. Hatuombi makubwa. Lango lile kwa nje ni ubao mtupu. Wekeni kishikio, tusukume wenyewe."

Msimamizi alitikisa kichwa kwa huruma. "Hapo ndipo pagumu, mama yangu. Sisi tunafuata historia. Lango halikuwahi kufunguliwa kutoka nje. Tukilifungua tutakuwa tumewadanganya wachezaji."

"Nani kakwambia halikufunguliwa? Nilikuwepo. Lilifunguliwa mara moja."

"Kwa ajili ya nani?"

"Ng'ombe. Ng'ombe wa mfalme walikuwa wamesahaulika malishoni. Walirudi wenyewe jioni, wakapita katikati yetu, wakafunguliwa wakaingia. Sisi tulipowafuata tulirudishwa kwa mikuki. Askari walikuwa wanachomoa watu mmoja mmoja katikati ya ng'ombe."

 Mjibu maswali alitazama kama kuna mwingine aliyeshtuka. Msimamizi alikuwa amesimama, amechukua kalamu ya wino mzito, na kwenye ubao mweupe nyuma yake alikuwa akiandika kwa herufi kubwa: NG'OMBE!

"Hicho hakuna mshindani wetu aliye nacho," alisema. "Mama, asante sana. Kweli kabisa, asante."

Kikao kiliahirishwa hadi kesho yake, na wageni waliambiwa wasubiri. Mjibu maswali alikuwa amechelewa kukamua na kifua kilikuwa kimeshaanza kumuuma. Akaenda kwenye chumba cha stoo, kati ya maboksi ya karatasi, ambako alikuwa na kiti chake na mfuniko wa ndoo wa kuwekea miguu. Mwenye mtoto alimfuata bila kuuliza, kama wanawake wanavyofuatana.

"Yangu yamekauka," alisema. "Tangu siku ya tatu nje."

"Mlete."

Walimfungua mtoto mgongoni. Alikuwa mvulana, mwepesi kama nguo iliyoanuliwa. Kuanzia magotini hakuwa na kitu. Miguu haikuwa imekatwa wala kulemaa. Iliishia tu, kwa ukingo safi, mahali khanga ilipoanzia kumfunika. Katika kampuni hiyo kitu ambacho mchezaji hakioni hakichorwi, kwa sababu kukichora ni kupoteza saa za kazi. Mjibu maswali aliingiza mkono mahali ambapo nyayo zingekuwa, akaushika upepo. 

"Amezaliwa nayo miguu yake," mama alisema upesi, kama anayeogopa kusemwa. "Mizuri tu. Huku ndiko hakuipata."

Mjibu maswali alimweka titini. Mtoto alinyonya kwa pupa, akapaliwa, akarudi tena. Tumbo lake likajaa, macho yakaanza kulegea, akacheua begani mwa blauzi ya kazi. Wanawake wawili walitazamana wakacheka kidogo. Kisha mahali fulani, katika nyumba fulani, mchezaji alishindwa vita, akarudi kuanzia pale alipokuwa amehifadhi mchezo wake. Tumbo la mtoto likasinyaa mikononi mwa mjibu maswali. Doa la maziwa likabaki kwenye blauzi. Mtoto akafumbua macho, akalia upya, kwa njaa ileile.

"Ndivyo," mama alisema, akimpokea. "Anashiba, halafu anakuwa hajala. Na biskuti zile ni hivyohivyo, nishazisahau. Usijichoshe bure, dada. Sisi dawa yetu ni lango."

Jioni hiyo mjibu maswali alipita kwenye meza ya mchoraji. Mchoraji alikuwa kijana mpole aliyekula akiwa amesimama ili asiharibu kibodi.

"Kishikio ni kazi ya nusu saa," alisema. "Lakini bila kikao siwezi kugusa lango. Lango ni la msimamizi."

"Na miguu ya mtoto?"

"Mtoto yupi?"

"Wa mgongoni."

Mchoraji alifikiri huku akitafuna. "Miguu haina mwenyewe," alisema. "Hiyo nitachora."

Mume wa mjibu maswali alikuwa safarini kikazi, na mtoto wao alishinda na bibi yake. Mama mkwe alikuwa mwanamke mcheshi, mwenye magoti mabovu na vidole vyepesi, na katika mtaa wote hakuna aliyemshinda kwenye Ukuta. Wachezaji walimjua kwa jina la Malkia wa Kona, kwa sababu nyumba yao ilikuwa ya kona. Jioni hiyo alikuwa sebuleni, mjukuu amelala pajani, kompyuta ndogo imeegemezwa kwenye mto wa kochi.

"Kala, kaoga, kalala," alisema bila kuinua macho. "Mimi nimezingirwa."

Mjibu maswali aliketi karibu. Nafaka ilikuwa inashuka. Kitufe kilijitokeza. Mama mkwe alikibonyeza kama mtu anayefukuza nzi, na mlio wa kengele ukasikika. Katika skrini watu wadogo walitoka langoni, na wa kwanza kabisa alikuwa mwanamke mwenye kitu mgongoni.

"Mama, hao leo walikuja kazini."

"Kina nani?"

"Hao uliowatoa."

"Wote?"

"Wote wasingeenea. Beji zilikwisha."

"Eh. Wanasemaje?"

"Wanataka lango lifunguke kutoka nje."

Mama mkwe aliacha kucheza, akamtazama kwa mara ya kwanza. "Sasa likifunguka, mwanangu, nafaka yangu itakuwaje?"

"Huyo wa mbele ana mtoto, mama. Kwa nini anatoka wa kwanza kila siku?"

"Simchagui mimi. Mchezo wenyewe unamchagua. Anakula kwa ajili ya wawili, hafanyi kazi hata ya mmoja." Alisema hivyo kwa upole, akimpapasa mjukuu mgongoni ili asiamke. "Hebu kale, chakula kitapoa. Unanyonyesha wewe."

Mjibu maswali alikwenda jikoni akasimama mbele ya sufuria muda mrefu bila kupakua.

Siku iliyofuata mtoto wa mgongoni alikuwa na miguu. Yote miwili ilikuwa ya kushoto, kwa sababu mchoraji alichora mmoja, akaunakili, akasahau kuugeuza. Mama yake hakuacha kuitazama. Alikuwa amemkalisha mtoto juu ya meza ya mapokezi na kumvuta vidole kimoja kimoja, akivipa majina, na mlinzi alikuwa amesogeza daftari lake la wageni ili nafasi itoshe.

"Atavaa viatu vya jozi mbili," mlinzi alisema. "Kila jozi abakize kimoja."

"Avivae tu," mama alisema. "Vilivyobaki nitakupa wewe."

Katika kikao msimamizi alionyesha picha za ng'ombe. Wote walizipenda. Alipouliza kama kuna la ziada, mjibu maswali aliinua mkono.

"Naomba kishikio cha lango kiingie. Wenye shida wapo hapa, na mchoraji anasema ni kazi ya nusu saa."

"Nusu saa na kidogo," mchoraji alisema.

"Tatizo si muda," alisema msimamizi. "Fikiria. Kama waliotoka wanaweza kurudi, mchezaji atabonyeza kile kitufe bila uchungu. Ule uchungu ndio mchezo wenyewe."

"Kwani sasa anabonyeza kwa uchungu?"

Chumba kizima kilishtuka. Hawakushtushwa na swali, bali na kwamba aliyeuliza ni mtu ambaye kazi yake ni kujibu. Fundi sauti alishusha kikombe chake mezani taratibu. Msimamizi aligeukia skrini kubwa, akafungua takwimu za wachezaji, kwa sababu alikuwa mtu mkweli na alitaka kuonyesha kwamba hafichi kitu. Punguza Vinywa kilikuwa juu ya vitufe vyote. Kilibonyezwa kuliko Lima na kuliko Jenga. Wengi walikibonyeza hata ghala likiwa limejaa.

"Hata likiwa limejaa?" mjibu maswali aliuliza.  "Kwa nini?"

"Wanapenda ile kengele," fundi sauti alisema. Akajitazama viganja. Kengele aliitengeneza yeye.

 Mwenye mtoto alikuwa amesimama mlangoni na alikuwa amesikia yote.

Msimamizi ndiye aliyepata njia. Alisema tatizo ni kwamba wachezaji hawawasikii walio nje. Lango likishafungwa, kwao kimya. Basi toleo lijalo litakuwa na sauti zao: watawasikia wakiita, wakibisha, mtoto akilia, mchana na usiku, hadi mzingiro uishe. Itakuwa sauti ya watu wenyewe, si ya waigizaji. Wageni wataingia chumba cha kurekodia kila siku, na watapewa beji za kudumu.

"Na wakisikika, lango?" mjibu maswali alisisitiza.

"Tunaendeshwa na maswali ya wachezaji, unalijua hilo kuliko mimi. Wakiuliza wengi kitu kimoja, mimi ni nani nikatae? Ndevu zilikuwa Haimo. Waliuliza, sasa zipo njiani."

Hilo lilikuwa kweli. Mjibu maswali alilishika kwa mikono miwili. Alimpeleka mwenye mtoto stoo, akamkalisha kwenye boksi, akamweleza mpango ulivyo: ita kwa nguvu zako zote. Watu si wanyama. Wakikusikia, watauliza kwa nini lango halifunguki. Maswali yakija mengi, yatapita mikononi mwangu, nitayapeleka yote, na msimamizi hawezi kuandika Haimo.

"Unaamini?"

"Naamini."

"Una mtoto wewe?"

"Ninaye. Wa umri wa huyu."

"Basi nitaita," mwanamke alisema.

Aliita. Chumba cha kurekodia kilikuwa na kuta za sponji zinazomeza sauti, na hata hivyo fundi sauti alilazimika kupunguza vipimo. Aliita majina ya watu waliobaki ndani: dada yake, mwenye zamu ya lango, jirani aliyekuwa na sufuria lake. Aliwaambia sufuria wabaki nalo. Wazee walibisha ubao kwa viganja. Mtoto hakufundishwa, aliwekwa mbele ya kipaza sauti akalia, na fundi sauti akavua vifaa vya masikioni, akatoka, akaenda kunawa uso.

Toleo jipya lilitoka siku ya Ijumaa. Ng'ombe walipendwa mno. Walirudi jioni kwa madaha, wakapita katikati ya watu, na lango likawafungukia. Mwenye mtoto alijaribu kupita nao na kila mara alitolewa, maana mafundi walikuwa wamefuata alivyosimulia. Sauti nazo zilisifiwa. Wachezaji waliandika kwamba nywele ziliwasimama, kwamba walizima taa wakaziwasha tena, kwamba ilikuwa kazi ya hali ya juu.

Jumatatu mjibu maswali alifika mapema, hata jokofu hakulifungua. Mwenye mtoto alikuwa tayari ameketi kwenye kiti cha pembeni, beji mpya shingoni. Maswali yalikuwa mengi kuliko siku zote. Yalishuka kwenye skrini kama maji ya bomba. Mjibu maswali alianza kusoma.

La kwanza lilikuwa la Malkia wa Kona.

*Habari za kazi. Huyo mtoto wa nje ya lango analia sana na mimi nacheza mjukuu wangu akiwa amelala. Juzi kamwamsha. Je, toleo lijalo mtaweka mahali pa kumpunguza sauti?*

Alilisoma tena. Alijua nyumba lilikotoka, na kochi, na mto. Alimjua huyo mjukuu harufu yake hadi kwenye mikunjo ya shingo. 

"Wanauliza nini?" mwenye mtoto alisema.

"Bado nasoma."

La pili lilikuwa hilohilo kwa maneno mengine. La tatu lilitaka ng'ombe weusi. La nne lilisema kilio ni kizuri, kiko kama chenyewe, lakini kinaficha kengele. Alisoma hadi macho yakamuuma. Kulikuwa na wazazi wengi miongoni mwa wachezaji, nao walikuwa na watoto waliolala. Hakuna aliyeuliza habari za lango.

Kwa Malkia wa Kona aliandika: Haimo. Aliandika hivyo kwa wote, mmoja mmoja, akibonyeza kwa nguvu. Kabla ya mapumziko msimamizi alikuja kusimama nyuma ya kiti chake.

"Wameuliza wengi," alisema kwa upole. "Si ndivyo tulivyokubaliana?"

Jioni nyumbani mama mkwe alilalamika kwamba amejibiwa vibaya na watu wa ofisini kwao. "Haimo! Kama naomba kwao chumvi. Angekuwa mwanangu nimemfunza mimi asingeandika hivyo."

"Ni mimi, mama. Yule mtoto namjua. Nimemnyonyesha."

 Mama mkwe alimtazama mkamwana wake, akamtazama mjukuu. "Pole, mwanangu," alisema, na alimaanisha. "Anyonye tu. Ila huyu wetu naye alale."

Siku zilizofuata kitu kidogo kilichopakwa rangi ya bluu kiliwekwa kwenye skrini, chini ya kitufe cha farasi: kichwa cha mtoto, na mstari wa kusogeza kwa kidole. Wachezaji walishukuru. Wengi waliusogeza hadi mwisho, pasipo na sauti.

Mwenye mtoto aliendelea kuja. Mlinzi alimpokea kwa jina la Mama Kushoto, na wa duka la mapazia alizoea moshi, akampa hata mabaki ya kitambaa cha kumfunikia mtoto. Hakuuliza tena habari za kishikio. Aliketi kwenye kiti cha pembeni hadi saa ya kazi ilipokwisha, kisha akarudi kunako lango, kutolewa.

Siku moja, katikati ya swali la mtu aliyetaka mvua irudishwe ndani ya jumba, mjibu maswali alisimamisha vidole. Blauzi yake ilikuwa imelowa pande zote mbili. Haikuwa saa ya kukamua. Aligeuka. Katika mikono ya mama yake, hatua moja kutoka kwenye kiti chake, mtoto alikuwa amefumba macho na kufungua kinywa chote, uso umemwiva, mishipa ya shingo imemsimama, miguu yake miwili ya kushoto inapiga hewa. Hakukuwa na sauti yoyote. Mama yake alikuwa anatazama dirishani. Hakuwa na habari.

Maziwa yalizidi kushuka. Mjibu maswali alinyoosha mikono, akampokea, akafungua kifungo, na akaendelea kujibu kwa mkono mmoja.